Maji Yaliyompenda Otilia

Asubuhi za jirani yangu Otilia huanza na mahindi. Huyasaga, huyakanda, na jua likichomoza chapati zake za mahindi zimeshafutuka juu ya kikaango. Mumewe Crescencio, ambaye yeye humwita Chencho, hula na maharagwe, kisha huchukua jembe akaenda shambani. Najua yote haya kwa sababu tumepakana ukuta kwa ukuta, na moshi wao ndio moshi wangu.

Siku ya Msalaba Mtakatifu, kabla ya kupanda, kijiji kizima huenda mlimani kwenye maporomoko. Maji yetu hutoka mwambani yakiwa ya moto. Yana chumvi ya mawe, na kila yanapopita huacha ukoko mweupe. Tunauvika msalaba maua, tunaomba mvua, halafu tunavua viatu na kuingia. Pale yanapotokea mwambani hapakaliki. Vijana huingia kwa mbwembwe, mara wanaruka nje wakipiga mayowe, nasi tunawacheka. Anayevumilia, tunasema maji yamempenda.

Mwaka juzi Otilia aliingia akasimama. Alisimama tu, anatabasamu, na vijana wanarukaruka kando yake kama bisi. Tukampigia makofi sote. Alitoka pale uso unang'aa. Otilia ana kisukari, na vidonge vilikuwa vimemchosha. Njiani akamwambia mumewe kwamba vidonge sasa basi, maji yamemponya.

Jioni alikaa kibarazani akichambua maharagwe. Chencho akaona unyevu sakafuni, chini ya miguu ya mkewe. Akainama kuangalia. Nyayo zilikuwa na malengelenge, na moja la kisiginoni lilikuwa limepasuka, nyama iko wazi.

"Mke wangu, huumii?"

"Niumie nini?"

Chencho akabonyeza kidole kando ya kidonda. Otilia aliendelea kuchambua maharagwe yake. Hapo ndipo yule mzee aliposhikwa na hofu.

Akaja kwangu mbio kuomba udongo mweupe wa maporomoko. Sisi huupaka kila kitu, tangu upele hadi ndoa iliyovunjika. Nilikuwa nao. Bahati nzuri nesi Maricela wa zahanati alikuwa mezani kwangu, anakula mlo wa sikukuu. Aliuchukua ule udongo mkononi mwangu akauweka chini. "Huu hauendi kwenye kidonda," akasema, akaenda mwenyewe. Maricela ni binti wa hapahapa. Baba yake alikatwa mguu kwa kidonda kidogo kuliko kile, kwa hiyo hana mzaha na miguu ya watu.

Alimwambia Otilia afumbe macho. Kisha akamgusa vidole vya miguu kwa unyoya wa kuku, kimoja baada ya kingine.

"Nimegusa wapi?"

"Bado hujagusa."

Alikuwa amemaliza vyote.

"Mama Otilia," Maricela akasema taratibu, "maji hayakukupenda. Yalikuunguza, na hukusikia. Sukari ikikaa juu muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu ukishakufa ganzi hauwezi kujilinda. Wale vijana waliruka kwa sababu miguu yao ni mizima."

Otilia akalia. Alikuwa ameona fahari mbele ya kijiji kizima, na sasa fahari yenyewe ndiyo hii. Akauliza kama atakatwa mguu. Maricela hakumdanganya. Tukiwahi, huenda ukapona, alisema. Tukipaka udongo na kungoja, unaweza kuupoteza.

Akamfunga kidonda kwa kitambaa safi, akamtaka aende zahanati asubuhi. Vidonge avirudie, maana maji ya mlimani hayaponyi kisukari. Lengelenge asilipasue. Asitembee peku, hata ndani. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa. Maji ya kuoga mtu mwingine ayapime kwanza kwa kiwiko. Na kila siku miguu ioshwe, ikaushwe vizuri katikati ya vidole, iangaliwe juu na chini.

"Mgongo wangu haukunjiki," Otilia akasema. "Unyayo wangu nitauonaje?"

Maricela akaanza kueleza habari ya kioo. Chencho akamkatiza.

"Nitauangalia mimi."

Na aliuangalia. Kila jioni alileta beseni na taulo. Otilia alimcheka, akasema kumbe ilibidi augue ndipo apate mchumba. Chencho aligundua mkewe ana alama nyeusi kama punje ya pilipili manga kati ya vidole. Wameoana tangu ujana na hakuwahi kuiona. Kidonda kilifunga mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, na mguu ukabaki.

Mwaka jana tulipanda tena mlimani. Otilia alikaa juu ya jiwe na viatu vyake miguuni. Chencho aliteremka mpaka pale maji yanapopoa, akachovya kiwiko, akachota kwa kibuyu, akammwagia mabegani polepole. Kijana mmoja akamtania: bibi, mwaka huu maji yamekuacha?

"Yameniacha na miguu yangu," Otilia akamjibu.

Jioni ile, Chencho alipomaliza kumkausha, Otilia akamwambia, "Haya, lete na ya kwako." Mzee akacheka. Yeye ni mtu wa jembe, hajawahi kuugua. Lakini akakaa. Otilia akavaa miwani, akauinua mguu wa mumewe akauweka mapajani. Katikati ya unyayo palikuwa na mwiba wa mpungate, umezama, na ngozi imeanza kuwa nyeusi.

"Chencho, huu umekuuma tangu lini?"

"Upi?"

Asubuhi yake moshi haukutoka upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wameshateremka zahanati, wameshikana mikono. Maricela aliutoa mwiba, akampima mzee sukari. Ilikuwa juu, lakini amewahi.

Siku hizi jioni nikichungulia juu ya ukuta nawaona kibarazani, wanataniana. Beseni moja, taulo moja, na miguu minne.