Fuuu Nyuma ya Ukuta

"Munanipulizia nini, Mama Hayat? Sema mbele ya watu!"

Médiatrice alisimama mlangoni pa jirani yake, beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi. Ng'ambo ya barabara, mafundi wa gereji waliweka spana chini. Mtaa wa Buyenzi haujui kupita karibu na ugomvi bila kusimama.

"Kila asubuhi nasikia fuuu, fuuu, nyuma ya ukuta wangu. Mulango mumefunga! Kisha mi napeleka ndagala sokoni, narudi nazo. Ni dawa gani hiyo munapuliza?"

"Apana, Médiatrice. Usiseme hivyo."

"Basi ni nini?"

Hayat alitazama nyuma, ndani ya nyumba. Jibu alikuwa nalo, lakini alikuwa amekula kiapo.

Mume wake, Mzee Twahiru, alipiga magari rangi miaka thelathini, pua wazi, bila kinga. Sasa pumzi yake ilikuwa fupi. Msikiti uko nyumba chache tu kutoka kwao, na miezi mitatu alikuwa hajaufikia. Hospitali ilimpima. Haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Mapafu yalikuwa yameharibika kwa rangi na moshi. Hata hivyo Twahiru alimwambia mkewe, "Asijue mutu. Wakisikia habari ya kifua, hata kikombe chetu hawatashika."

"Mumeona?" Médiatrice aliwageukia mafundi. "Amekosa jibu!"

Hapo Twahiru akatoka ndani mbiombio. "We mama, mke wangu hana..."

Neno lilikatika. Alishika mlango. Mabega yalipanda, kifua kikapanda, hewa haikuingia.

Hayat akasahau kiapo.

"Keti, baba. Inama mbele kidogo. Mikono juu ya magoti. Legeza mabega." Alipiga magoti mbele yake. "Vuta kwa pua. Moja, mbili. Sasa bana midomo, kama unapoza chai. Toa polepole. Moja, mbili, tatu, nne."

"Fuuuu," akatoa Twahiru.

Médiatrice aliusikia mlio ule. Ndio uleule wa kila asubuhi. Akaweka beseni chini.

Annick, muuguzi aliyepanga chumba nyumba ya tatu, alikuja akikimbia. Alitazama midomo ya mzee, akatazama kucha zake.

"Rangi yake ni nzuri. Endelea kumuhesabia, mama."

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. Annick akamwinamia mzee. "Baba, niwaambie?"

Twahiru alimtazama mkewe. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Mi ndiye nilimufundisha," Annick alisema. "Mapafu yake yanashindwa kutoa hewa ya zamani. Ile ikijaa, hewa mupya inakosa pa kuingia. Ukibana midomo na kutoa polepole, njia za hewa zinakaa wazi. Ya zamani inatoka, mupya inaingia."

"Na hiyo inaponya?" aliuliza Médiatrice. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Haiponyi, mama. Dawa zake anaendelea nazo. Lakini mutu akifanya zoezi hili kila siku, asubuhi na jioni, dakika chache tu, pumzi ikikatika haogopi. Anajua la kufanya. Akisikia kizunguzungu, anaacha, anapumzika. Na akishindwa kusema, ao midomo ikigeuka rangi, musingoje zoezi. Mukimbize hospitali."

Kisha akamgeukia Hayat. "Lakini mlango munafunga kwa nini? Munafanyia zoezi ndani, mbabula ya makaa inawaka palepale?"

"Tulificha," alisema Hayat.

"Kuficha kwenu ndiko kunamunyima hewa. Toeni mbabula inje. Na yako, Mama Médiatrice, iko chini ya dirisha lake. Moshi wako wote unaingia kwake."

Médiatrice alishika kinywa. Alikuwa amekuja kulalamika kwamba anapuliziwa, kumbe mwenye kupuliza alikuwa yeye.

Jioni ileile aliihamisha mbabula yake upande wa pili wa nyumba.

Kuanzia kesho yake, Twahiru alikaa mlangoni, mlango wazi. Wiki ya kwanza aliona haya. Wiki ya pili sauti ya Médiatrice ilitoka nyuma ya ukuta: "Muzee! Hesabu ya ine umeiruka. Rudia!" Twahiru akarudia. Hayat alimwona akitabasamu, na alikuwa hajaliona tabasamu lile tangu mvua zilizopita.

Dawa aliendelea kumeza. Kila siku alitembea hatua chache zaidi.

Ijumaa moja alivaa kanzu. Hayat alibaki mlangoni, roho juu. Mbele ya gereji Twahiru alisimama, akaegemea gari, akatoa pumzi polepole. Hakuna aliyecheka. Kijana mpiga rangi alimsogelea, amevaa kinga ya pua ya kweli ya kazi yake, siyo kitambaa, akamngoja mpaka amalize. Kisha mzee akaendelea. Akaingia msikitini kwa miguu yake mwenyewe.

Hayat aliingia jikoni, akafuta macho, akapakua wali.

Twahiru aliporudi, Médiatrice alikuwa anatoka sokoni, beseni tupu. Alitaka kupita upesi.

"Mama Médiatrice! Unaenda wapi? Ingia tule."

"Muzee, mi niliwatukana mbele ya Buyenzi yote."

"Ingia," alisema Twahiru, na neno halikukatika. "Wali ni wa moto. Leo tutapuliza wote."

Hayat akaongeza sahani.