Yuko, Yupo, Yumo

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa tisa na robo alasiri, mtu alipobisha hodi kwenye mlango wa nyuma wa nyumba ya njia panda. Fundi alikuwa juu ya ngazi, shingo kaipinda, anapaka dari ya ukumbini rangi nyeupe. Mkewe alikuwa chini, anapiga pindo la mapazia. Wote wawili waliisikia. Ilikuwa hodi ya kawaida, ya mtu mzima, isiyo na haraka.

"Karibu," akasema fundi bila kugeuka.

Ndivyo tulivyolelewa sote: hodi hujibiwa kabla macho hayajaona. Mkewe akainuka akafungue. Akashika komeo, kisha akaliachia. Mlango ule haukuwa na pa kutokea. Jirani alikuwa amejenga ukuta wake ukaja kukaribia kizingiti, na kati ya mlango na matofali paka tu ndiye angepita, naye kwa ubavu.

"Ni nani?" akauliza fundi kutoka juu.

"Hakuna mtu."

"Basi ameshaingia," akasema, akacheka peke yake, akachovya brashi.

Watu walimwita Brashi. Alinunua nyumba chakavu, akazitengeneza, akaziuza. Alikuwa mtu wa swala tano, mcheshi, na alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka mkewe akawa anammalizia: "Nyumba ni mahali. Bati utabadilisha, mlango utabadilisha, hata ukuta utauvunja. Mahali hupahamishi." Alikwisha kuziona nyumba nzuri zikioza bila mnunuzi kwa kuwa zimejengwa maji yanakotuama, na vibanda vibovu vikigombaniwa kwa kuwa viko jirani na shule. Na hii ya njia panda, barabara tatu zilikutana mbele yake. Shule ilikuwa kulia, zahanati kushoto, na soko ulilisikia ukiwa kitandani. Ilikaa miaka mingi haina mtu. Brashi hakujiuliza kwa nini. Aliona mahali, basi.

Walitia humo kila walichokuwa nacho, hata kiwanja mkewe alichorithi. Wakahamia chumba kimoja huku wanakarabati vingine. Ikiuzwa, wangekwenda kuishi karibu na binti yao, wazeeke na wajukuu. Isipouzwa, hawakuwa na pengine.

Baada ya hodi ile mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza yalikuwa nje: kandambili zikiburuzwa upande wa pili wa mlango wa nyuma, pale pasipoenea hata mguu wa mtoto. Kisha komeo likawa linatikisika, polepole, kama linavyotikiswa na mtu mwenye subira. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikawa inahama chumba hadi chumba, na mkewe akiifuata anakuta baridi imekaa kwenye kona moja kama mtu aliyeketi akanyoosha miguu.

"Ni nyaya za umeme hizo, mwenzangu," Brashi akasema.

"Umeme hujauingiza bado."

Brashi akajikuna kidevu, akarudi kwenye ngazi yake.

Mkewe akaenda kumwita shehe aliyefundisha watoto Kurani mtaa wa pili. Shehe akaja na mafua yake, pua imeziba, leso mkononi.

"Kwenye harufu sitawafaa kitu," akasema. "Lakini mama, nijibu. Huyo mnayemsikia: yuko, yupo, au yumo?"

Mama akafikiri kabla ya kujibu, maana alitaka kusema kweli.

"Mwanzo tulisema yuko, shehe. Huko nyuma, ukutani. Kisha akawa yupo, hapo mlangoni." Akateremsha sauti. "Tangu juzi, yumo."

Shehe akasoma chumba baada ya chumba mpaka sauti ikamkauka. Alipotoka ukumbini kanzu ilikuwa imemganda mgongoni.

"Huyu ni wa njia panda," akasema. "Alikuwapo kabla ya msingi kuchimbwa. Hana haja na bati wala rangi zako, fundi. Amependa mahali, kama wewe ulivyopapenda. Ila siku zote alikuwa wa nje. Nani alimwambia karibu?"

Brashi akatazama miguu ya ngazi.

"Basi aliyesema karibu ndiye aseme toka," shehe akaendelea. "Mimi humu ni mgeni, siwezi kumfukuza mgeni mwenzangu. Simama mbele ya ule mlango, useme kwa sauti ya kusikika: kwa jina la Mwenyezi Mungu, karibu yangu nimeiondoa, toka. Useme leo."

"Leo?" Brashi akachungulia dirishani. Watu walikuwa wanapita na vikapu, wengine wamesimama wanazungumza karibu kabisa na ukuta. "Shehe, mtaa mzima utasikia. Dalali analeta wanunuzi wiki hii hii. Wakisikia nagombana na mlango, nyumba hii nitamuuzia nani?"

"Sema, mume wangu," mkewe akanong'ona. "Wacha wasikie."

"Nitasema. Wacha watu wapungue."

Watu hawakupungua. Pale palikuwa njia panda.

Kesho yake mchana mkewe alimwacha anamalizia mkono wa mwisho wa rangi, akaenda kununua uzi. Aliporudi alimkuta ameketi juu ya kopo, uso kauelekeza mlango wa nyuma, brashi mkononi bado inadondosha rangi. Mdomo ulikuwa wazi, kama wa mtu aliyelianza neno asilimalize. Daktari wa zahanati alisema ni moyo. Huenda. Wakamzika kabla ya jua kuchwa, na mjane akaenda kukaa eda kwa dada yake.

Eda ilipokwisha, dalali akamfuata huko huko.

"Mama, pole tena. Lakini nyumba ile inajiuza yenyewe, pale ni mahali pa kugombaniwa. Kazi yako wewe ni kunyamaza."

"Na kilichomo?"

"Kilichomo kimo. Nyumba gani haina panya?"

Mjane akaenda kufagia. Alifungua mlango wa mbele, akaweka cherehani yake barazani, akaingia na ufagio, na kabla hajafika katikati ya ukumbi akasikia ile harufu ya nywele inapungua, inafifia, na mahali pake inakuja nyingine, ya rangi mbichi na mafuta ya taa, harufu ya mikono ya mtu aliyelala naye miaka yake yote, ikatoka chumbani, ikapita kwenye korido, ikamzunguka mabegani kama shuka, na nyuma yake ikaja sauti, ya chini, yenye kicheko ndani, sauti aliyokuwa akiitafuta usingizini kwa dada yake akaikosa:

"Mwenzangu, umerudi?"

Alijua si yeye. Alijua, na bado akaketi chini pale pale akalia, na alipomaliza kulia hakuondoka. Kesho yake akarudi kufagia nyumba safi. Na keshokutwa pia. Dada yake akamwuliza vumbi gani lile lisiloisha, akasema ni vumbi la barabarani.

Kisha dalali akaleta watu: mwalimu kijana na mkewe, na mke alikuwa mjamzito, anatembea mkono mmoja kiunoni. Njia nzima dalali alikuwa anawahesabia shule, zahanati, soko.

"Hata uchungu ukikushika, dada, unavuka barabara tu," alisema, wakacheka wote.

Mjane alikuwa amesimama barazani. Yule mke wa mwalimu, kwa adabu zake, akasimama kwenye kizingiti akaita ndani:

"Hodi wenyewe?"

Mjane hakuwahi kufungua kinywa.

"Karibuni," sauti ya Brashi ikajibu kutoka ndani, changamfu, ya mwenye nyumba anayewangojea wageni. "Karibuni ndani, wanangu."

Dalali akajikwaa akiwa amesimama. Yule mke akatabasamu.

"Kumbe baba yupo? Mbona tuliambiwa..." Akainua mguu apite.

Mjane akaona kwa mara moja nyumba ya binti yake, na wajukuu, na uzee wake usio na pa kuegemea. Akaona tumbo la yule mwanamke. Ndipo akajitupa mlangoni, akashika miimo kwa mikono miwili.

"Usiingie, mwanangu. Mume wangu tumemzika. Huyu aliyekukaribisha si mtu."

"Mama," dalali akasema kwa meno, "unajichimbia kaburi."

"Nyamaza wewe. Ulijua."

Mwalimu hakuuliza la pili. Alimshika mkewe mkono, akamvuta hadi barabarani, na watu wa vikapu wakasimama kutazama. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mtu mtaani asiyelijua neno lile, na nyumba ya mahali pazuri kuliko pote haikuwa tena na mnunuzi.

Mjane akaiteremsha cherehani kutoka barazani. Harufu ya rangi ikamfuata hadi kizingitini, ikakomea hapo.

"Mwenzangu," sauti ikasema, karibu sana, haicheki tena. "Unaniacha na nani?"

Akavuta mlango. Alipokuwa anatafuta tundu la kufuli, akasikia komeo la ndani linasukumwa taratibu, linafungwa.

Akarudi nyuma mpaka barabara tatu zinapokutana. Watu wakampisha. Akainua mikono.

"Ewe Mola wangu, wewe peke yako ndiye unayejua alipo mume wangu, na humo hayumo. Msamehe lile neno, alilisema kwa ukarimu. Msamehe na lile aliloliahirisha. Mpanulie kaburi lake, mtilie nuru, na umlaze mahali pema. Amina."