Mkate wa Enora

Asubuhi ile, mtaani Recouvrance katika bandari ya Brest, Enora aliuma kipande cha mkate mgumu na jino lake la mbele likang'oka. Katell, mama yake, akacheka. Wajerumani walikuwa wameishika bandari na Wamarekani wameuzingira mji, lakini jino la mtoto likitoka, mtu hucheka.

"Sasa utapigaje mluzi, kibogoyo wangu?"

"Nitapigia pua!"

King'ora kikalia. Katell akarudi ndani kuchukua blanketi. Enora akatangulia mbio kwenye ghala la chini ya nyumba. Ndege zikamwaga mabomu. Bomba kuu la maji likapasuka barabarani, maji yakateremka ghalani.

Mchana, mji ulipotulia, Katell alisimama humo, maji kiunoni, akaita. Kimya. Ndipo akafanya kama watu wa pwani ile wafanyavyo mtu anapozama baharini: alichomeka mshumaa kwenye mkate wa jirani, akauwasha. Mkate ukielea na kusimama, maiti iko hapo.

"Nimeupangia foleni tangu alfajiri!" jirani yake Mari-Jan alilalamika kutoka ngazini. "Mkate mzima, haujaguswa hata na kisu, unaulowesha?" Lakini hakushuka kuuchukua.

Mzee Fanch, aliyewahi kumtafuta kaka yake hivyo, akamshika Katell mkono.

"Zima, binti yangu," akanong'ona. "Huwashiwa aliyekwisha kufa. Una hakika?"

"Nataka kujua alipo tu."

"Mkate huo hautafuti mtu. Unatafuta maiti. Usipoikuta, hujitengenezea."

Katell akauachia mkate majini.

Mkate ukaenda. Hapakuwa na upepo wala mkondo. Ukafika ukuta wa mwisho. Ukasimama.

Nyuma ya ukuta, mtu akagonga.

"Mama! Niko huku! Huku ni kukavu!"

Katell akajitupa mbele auzime mshumaa. Maji yakamvuta miguu. Kabla hajaufikia, ukajizima.

Kugonga kukakoma.

Waliubomoa ukuta kwa sururu. Nyuma yake palikuwa na chumba cha makaa, mlango wake umezibwa na kifusi, vumbi tupu. Enora alikuwa ameketi, hana hata mchubuko, wala hapumui. Nywele zake zilichuruzika maji. Mari-Jan alizigusa, akapeleka kidole mdomoni.

"Ya chumvi," akanong'ona.

Mzee Fanch akauokota mkate, uliokuwa ungali unaelea upande wao. Akaugeuza.

Chini yake ulikuwa umeumwa. Meno madogo. Katikati, pengo la jino moja.