Bangili ya Chiriku

"Dada, umekuja kutupima urefu wa foleni?"

Fundi wa mapazia aligeuka kwa ghadhabu. Ndani ya lile duka la simu joto lilikuwa limewashika watu, kaunta imezingirwa pande zote, na yeye alikuwa amekwisha kujibiwa ovyo mara mbili. Mizaha haikuwa na nafasi kifuani mwake. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, bisibisi imechungulia mfukoni. Alikuwa akimwonyesha shingo yake kwa kidole. Hapo ndipo alipotambua kwamba tepu ya kupimia ilikuwa ingali inaning'inia juu ya gauni lake la zambarau, vile vile alivyotoka nayo karakanani.

"Nikikupima wewe, kitambaa hakitatosha," alijibu, akaivuta tepu na kuifutika mkobani.

"Mama, nimekwisha kukueleza," muuzaji alisema bila kuinua macho. "Akaunti ya mtoto inapokea saa ya mazoezi ya aina moja tu. Ile pale kabatini."

"Ile nimeijaribu mkononi mwa binti yangu. Inazunguka kama pete iliyovishwa penseli! Hii bangili ndogo inamkaa vizuri. Kwa nini akaunti yake inaikataa?"

"Bangili hiyo ni ya watu wazima."

"Mkanda huu mdogo unamtosha mtu mzima gani, kijana wangu?"

Watu wawili watatu walicheka. Muuzaji hakucheka, aliita mteja aliyefuata, na aliyefuata alikuwa yule wa ovaroli. "Mimi ndiye huyo," mwanamume alisema, "na shida yangu ni hiyo hiyo. Mwambie mkuu wako kwamba wazazi wanataka chaguo zaidi ya moja. Watoto hawakukatwa kwa kipimo kimoja." Kisha akatoka pasipo kununua kitu, akamfuata fundi wa mapazia hadi kwenye benchi nje ya duka.

Yapasa ieleweke kwa nini mama huyu alisumbuka hivyo kwa ajili ya kibangili cha mpira. Mumewe alitoka nyumbani asubuhi moja akiwa mzima, akiimba bafuni. Kabla ya adhuhuri wenzake wa kazini walileta habari kwamba moyo wake umesimama. Tangu hapo mama huyu aliishi akitega sikio kwenye kifua cha binti yake wa pekee. Binti mwenyewe aliitwa Chiriku, maana alizungumza tangu kuamka hadi kulala, na shuleni alipenda mbio kuliko chakula. Daktari alikuwa amempima, akasema, "Mwache akimbie. Mapigo yake hupanda upesi kidogo, basi yaangaliwe." Neno hilo la mwisho ndilo lililomwondolea mama usingizi. Angeyaangaliaje, naye yuko karakanani, na mtoto yuko kiwanjani?

"Ipo njia," mwanamume yule alisema. Alikuwa fundi wa lifti, mjane wa miaka mingi, mwenye mtoto wa kiume katika shule ile ile. "Tunamfungulia akaunti ya mtu mzima. Tunarudisha nyuma mwaka wa kuzaliwa, basi. Wangu nilimfanyia hivyo hivyo."

"Huo si uongo?"

"Ni uongo kwa mashine, Mama Chiriku. Mashine haina moyo wa kuumia."

Mama alisita. Alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo mtoto aliyesema uongo alilala akiwa amesimamishwa pembeni. Lakini hofu ni dalali mwenye maneno matamu. Alimkabidhi simu. Fundi wa lifti akabofya upesi upesi, ukurasa baada ya ukurasa, huku akimweleza habari za lifti iliyokwama na bwana harusi ndani. Mama akacheka, na hakuna kati yao aliyesoma kilichoandikwa. Mara moyo mdogo mwekundu ukaanza kuchezacheza kwenye kioo.

"Hayo ndiyo mapigo yake?" alinong'ona.

"Kwa sasa ni yako, maana umeibana kifundoni mwako wewe. Mbona yanakimbia hivi?"

"Nirudishie simu yangu, Fundi."

Jioni ile alimvisha Chiriku bangili, akamshika mabega. "Mwanangu, hii ni mlinzi wa moyo wako. Ikikuambia pumzika, pumzika. Ikikuambia lolote, uitii. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Inasema Kiswahili? Inalala saa ngapi? Nikiogelea itazama?"

*

Simu ya kwanza ya fundi wa lifti ilikuwa ya kuuliza kama bangili inafanya kazi. Ya pili iliuliza kama bangili bado inafanya kazi. Ya tatu haikuitaja bangili kabisa.

"Umekula, malkia wa mapazia?"

"Nimekula. Uko wapi, mbona sauti inajirudia?"

"Nimening'inia katikati ya ghorofa ya saba na ya nane. Nimekukumbuka."

"Shuka kwanza, ndipo ukumbuke!"

Shangazi, mkata vitambaa wa karakana ile, aliweka mkasi chini. "Huyo wa lifti anakupandisha au anakushusha?"

"Shangazi, kata kitambaa."

"Nakata. Lakini pazia la mteja umelishona juu chini, nami sisemi kitu."

Wakaanza kuonana siku za mapumziko, kwenye viti vya bustani ya shule, watoto wakicheza mbele yao. Fundi wa lifti alikuja amevaa shati jeupe, kucha zimesuguliwa kuondoa mafuta ya mashine hadi vidole vikawa vyekundu. Mama Chiriku aliipenda heshima ile. Hata hivyo, katikati ya maneno matamu jicho lake lilirudi kwenye simu. Moyo mwekundu ulichezacheza. Alikuwa akiuangalia alfajiri, akiuangalia cherehani ikiwa inakwenda, akiuangalia mpenzi wake anapomwambia jambo zito.

"Ipo siku utaniangalia mimi namna hiyo?" fundi wa lifti aliuliza.

"Wewe moyo wako ni wa chuma."

Kwa kuangalia sana kioo, akaacha kumwangalia mtoto. Hakuona mapema kwamba Chiriku amepunguza maneno. Mezani alijibu kwa kichwa. Baada ya masomo alikuwa akizunguka uwanja peke yake, akitembea, akitembea, hali wenzake wameketi kivulini. Siku moja mama alipokuwa akifua begi la shule, alikuta vipande vya mkate vimekauka, vimefungwa kwa karatasi na kusukumwa chini kabisa ya mfuko.

"Mkate huu vipi?"

"Nilishiba, mama."

Sauti ilikuwa ndogo mno. Mama alitazama simu. Mapigo yalikuwa ya kawaida. Akajilazimisha kutulia.

Siku mbili baadaye mwalimu wa michezo alipiga simu. "Mama Chiriku, usishtuke. Mtoto ameanguka uwanjani. Tumempeleka zahanati."

Ukimwambia mama asishtuke, umemwambia nini? Alitoka na kiatu kimoja cha nyumbani na kimoja cha kutokea, uzi umeng'ang'ania kwenye gauni. Njia nzima alikuwa akisikia wimbo wa bafuni, ule wa asubuhi ile. Alitazama simu: moyo mwekundu ulikuwa ukicheza kwa utulivu, tena kwa raha, kana kwamba hapakuwa na neno. Kwa mara ya kwanza hakuuamini.

Chiriku alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, midomo imekauka. Muuguzi alikuwa akimnywesha maji ya sukari kwa kijiko.

"Moyo wake?" mama aliuliza, asiweze kumaliza.

"Moyo hauna kosa," muuguzi alisema. "Ana njaa. Mtoto huyu hali, mama. Kuna nini nyumbani?"

Mama alikosa pa kuweka uso wake. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mwanangu, kwa nini?"

Chiriku aliinua mkono, akabonyeza bangili. Maneno madogo yakapita kwenye kioo chake: *Leo umekula kupita kiwango. Punguza. Tembea zaidi. Bado hujafikia lengo lako la uzito.*

"Ulisema niitii," mtoto alisema. "Nikiitii, moyo wangu hautasimama kama wa baba."

*

"Ulibofya nini siku ile?"

"Mpenzi, mbona sauti yako—"

"Nakuuliza, ulibofya nini kwenye benchi?"

Fundi wa lifti alikuwa juu ya paa la lifti, taa kichwani. Alifikiri. Akaunti ya mtu mzima haifunguki bila kuchagua lengo. Alikumbuka ukurasa wenye malengo kadhaa. Alikumbuka kwamba alibofya la juu kabisa, kwa haraka, akiwa ndio kwanza amefika kwa bwana harusi wa hadithi yake.

"La kwanza," alisema taratibu. "Sikusoma."

"La kwanza lilikuwa kupunguza uzito! Mashine imedhani mwanangu ni mwanamke mzima anayejikondesha. Imemnyima chakula, nami nimekaa hapa naangalia moyo wa rangi nyekundu ukinidanganya!"

"Nakuja sasa hivi."

"Usije. Usinipigie. Uongo wako haukuumiza mashine, Fundi."

Akakata. Ghadhabu ilipopungua alilikuta chini yake jambo gumu zaidi: simu aliikabidhi yeye mwenyewe kwa mkono wake. Na neno "uitii" lilikuwa lake, si la mtu mwingine.

Fundi wa lifti alipiga, hakujibiwa. Alituma ujumbe mmoja tu: *Nimeifuta akaunti ya uongo ya mwanangu. Naye alikuwa akimpa mbwa wa jirani chakula chake cha mchana. Nisamehe.* Mama Chiriku aliusoma, akaweka simu kifudifudi.

"Mwite," Shangazi alisema.

"Simwiti."

"Basi acha kushona mapazia juu chini. Wateja wameanza kuzoea."

*

Chiriku alirudi kula, kwanza kwa woga, akimtazama mama kabla ya kila tonge, kisha kwa fujo yake ya zamani. Mama aliichukua bangili na kwenda nayo dukani kuirudisha. Alipofika mlangoni alisimama. Mbele ya kaunta palikuwa na kundi la wazazi, wengine aliwafahamu kwa sura kutoka shuleni. Na mbele yao, katika shati jeupe, alisimama fundi wa lifti akizungumza na mkuu wa duka.

"Mimi ni mtu mzima, nikaandika uongo kuhusu umri wa watoto wawili," alikuwa akisema. "Mmoja wao alianguka kwa njaa. Kosa ni langu, sikuja kulitupa kwenu. Lakini mzazi hapaswi kuachiwa njia mbili tu, saa isiyomkaa mtoto au uongo. Tunataka bangili ndogo zipokewe na akaunti za watoto, zaidi ya aina moja, nazo zisimwambie mtoto habari za uzito. Pelekeni neno hili kwa wenye kampuni. Tutarudi kila wiki hadi lifike."

"Na mimi nitarudi," sauti ilisema mlangoni.

Aligeuka. Mama Chiriku alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Tepu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

"Umekuja kutupima foleni?" fundi wa lifti alimwuliza, sauti imepungua.

"Nimekuja kusimama ndani yake." Akajipanga kando yake. Akaongeza, polepole, "Hata mimi sikusoma, Fundi. Tulikosa wawili."

Mvua zikaja, zikaenda. Kila wiki wazazi walirudi, na kila wiki muuzaji aliandika ombi lile lile. Katika muda huo fundi wa lifti alimfundisha Chiriku kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kunyamaza, na kusikiliza mapigo yake mwenyewe. Kumfundisha kusikiliza kulikuwa rahisi. Kumnyamazisha ndiko kulikochosha.

Hatimaye ujumbe wa kampuni ulikuja kwenye simu: akaunti za watoto sasa zinapokea bangili za aina kadhaa, pasipo malengo ya uzito. Ulikuja siku ya mashindano ya shule. Walikuwa wameketi kwenye viti vya uwanja, Chiriku kwenye mstari wa kuanzia, bangili yake ndogo, ambayo mama hakuirudisha dukani, imemkaa mkononi. Fundi wa lifti aliishika simu ya mama, na safari hii alisoma kila neno kwa sauti, kama mwanafunzi mbele ya ubao.

"Jina la mtoto. Tayari. Mwaka wa kuzaliwa, wa kweli. Mzazi, wewe. Mlezi wa pili..." Alisimama. "Nimeandika jina langu. Lakini hapa pameulizwa uhusiano na mtoto. Sitaki kuandika uongo tena, mpenzi. Niandike nini?"

Moyo wa mama ulikwenda mbio pasipo bangili yoyote kuupima. Alimtazama kwa muda mrefu, namna ile ambayo fundi aliwahi kuiomba.

"Pawe wazi kwanza. Hapo hapajazwi kabla hujaonana na baba yangu."

"Ni mkali?"

"Sana. Tena anakaa ghorofa ya tisa, na lifti yao mbovu tangu mwaka jana. Usije ukaenda na vyombo vya kazi, ukaonekana umekwenda kuitengeneza."

"Siendi navyo," fundi wa lifti alisema. "Nitapanda ngazi."

Filimbi ilipigwa. Watoto wakatoka mbio, na Chiriku katikati yao, mdomo wazi, akizungumza na mwenzake hata katika kukimbia. Mama aliichukua simu mkononi mwa mpenzi wake, akaitia mkobani, akafunga zipu. Kisha akasimama, apate kumwona mtoto vizuri.