Mistari Kati ya Visima

Jioni ile nilirudi ofisini kuchukua chaja ya simu niliyoisahau. Pale tunachora ramani kutokana na picha za setilaiti. Mwenzangu, tunayemwita Miwani, alikuwa bado kwenye kompyuta, hata taa hajawasha.

"Dada, hebu njoo uone," alinong'ona.

Picha ya jangwa. Juu ya mchanga, mistari mirefu, myembamba.

"Barabara?"

"Barabara ya nani? Huko hata nzi hafiki. Na mwezi uliopita haikuwepo."

Niliinama. Mstari ulikwenda moja kwa moja, ukafika mahali ukazunguka... ukazunguka... kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kisha ukaendelea. Mbele tena, vilevile.

Nikafungua ramani yetu ya zamani, nikailaza juu ya picha.

Kila mzunguko uliangukia kwenye kisima.

Ramani ile niliichora mimi. Visima nilivinakili kutoka ramani kuukuu, bila kuhakikisha. Kumbe jangwani havikuwepo. Na kaka yangu, dereva wa lori, aliingia jangwani miaka mitatu iliyopita akiitegemea ramani hiyo. Lori lilipatikana. Yeye, hata kiatu hakikuonekana.

Ghafla pakanuka vumbi. Vumbi la moto, na madirisha yote yamefungwa.

Usiku huo nilimweleza mama kila kitu, pamoja na kosa nililomficha miaka yote. Nilingoja anilaani. Alilia tu, kimya, mpaka mabega yakatulia.

"Mwanangu ana kiu," alisema. "Mpelekee maji."

Tulikwenda na Miwani, siku mbili za njia, madumu manne nyuma ya gari. Mistari hatukuiona, machoni petu ulikuwa mchanga mtupu. Nilimimina maji pale picha ilipoonyesha mwisho wa mistari.

"Kaka, nisamehe."

Mchanga uliyanywa kwa sauti.

Gu... gu... gu...

Kama koo la mtu.

Miwani alikimbilia garini. Mimi nilipiga magoti nikalia hadi dumu la mwisho likaisha.

Juzi zimekuja picha mpya. Mistari ya visimani imefutika yote. Umebaki mmoja tu, mpya, unafuata njia tuliyorudi nayo. Umeshapita nusu.

Mama sijamwambia.

Lakini tangu juzi, akienda kulala, hafungi mlango.