Kundi la Ndege Wawili

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidomo alifagia uwanja na kuwawekea kuku maji. Siku moja ufagio ulimsimama mkononi. Kwenye ua wa michongoma alitua ndege mdogo wa kahawia asiyemjua, mwenye mdomo mwekundu. Mwenzake akafuata, mwekundu mwili mzima, wakazama ndani.

Shuleni aliwaambia wenzake kwamba ameona kwelea kwenye ua wa kwao, wale ndege wanaomaliza mtama mashambani.

"Wangapi? Wawili?" wakamcheka. "Hao wamekuja kukuposa."

Kidomo akaona haya, akasema lilikuwa kundi zima.

Neno likishatoka halirudi. Hadi jioni lilikuwa limemfikia baba yake mdogo, ambaye mtama wake ulikuwa umekaribia kuvunwa. Kidomo alimkuta ameshika panga, kibiriti mfukoni, tayari kuufyeka ua na kuuchoma. Bwana shamba naye alikuwa ameitwa. Ndiyo kwanza anaegemeza baiskeli yake.

Akafungua kitabu cha picha, akauliza ndege hao wana rangi gani na walikuwa wangapi.

"Kundi," alijibu baba mdogo. "Mtoto kawaona kwa macho yake."

Panga likashuka. Tawi la kwanza lilipoanguka, sauti nyembamba zikasikika ndani ya ua. Makinda. Kidomo akapiga hatua mbele. Akisema kweli, kesho darasa zima litamcheka. Akinyamaza, moto utawashwa.

"Baba mdogo, ngoja. Walikuwa wawili tu. Mmoja wa kahawia, mwingine mwekundu mwili mzima. Hilo kundi nilitia chumvi."

Panga lilibaki hewani. Bwana shamba alichutama, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye picha moja. Hao, alisema, ni ndege wapole wanaoishi wawili wawili karibu na nyumba, wakiokota mbegu za nyasi. Kwelea huja kwa maelfu, na hawawi wekundu mwili mzima.

Baba mdogo hakumgombeza. Aliliokota lile tawi, akaliegemeza pale lilipokuwa, kiota kisipigwe na jua.

"Mwanangu," bwana shamba alimwambia Kidomo, "kutomjua ndege si aibu. Hata mimi nimefungua kitabu. Sema ulichokiona, na usichokiona sema hukukiona. Ungechelewa kidogo tu, uongo wako ungewaunguza hawa."