Shule ya Mwanafunzi Mmoja

Kila asubuhi, kabla basi la njano la shule halijafika, Tess Kopecky alitapika. Alikuwa na miaka tisa. Jumamosi hakutapika. Jumapili hakutapika, hata akijaza tumbo kolache, ile mikate midogo ya jamu ambayo sisi wa jimbo la Nebraska, Marekani, tunaila kama dawa. Daktari alimpima, akasema tumbo ni zima. Majirani tuliujua ugonjwa wake. Jina lake Jumatatu.

Darasani kwao watoto walikuwa wengi, na hesabu zilimpita Tess. Akikosea, wenzake walicheka. Mama yake, Janelle, akamwambia mumewe, "Lyle, nataka nimsomeshe hapa nyumbani."

"Wewe? Si ulifeli aljebra?"

"Ndiyo maana sitamcheka."

Lyle aliendesha lori la mahindi, na hakuwa mtu wa kukurupuka. Alifikiri mpaka chakula kikapoa. "Haya. Mpaka Krismasi. Asipobadilika, anarudi shule."

Janelle aliulizia kwanza sheria ya jimbo. Akajaza fomu zilizotakiwa, akaiarifu shule. Hapo alifanya vizuri. Kila jimbo lina sheria yake, na kumtoa mtoto shuleni kimyakimya ni kujitafutia kesi.

Kisha akaharibu. Aliagiza sanduku zima la vitabu vya darasa la nne: hesabu, sayansi, historia, vyote vya kampuni moja. Hakufungua hata kitabu kimoja kabla ya kununua. Kwenye chumba cha chini ya nyumba akaweka dawati, ubao, bendera na kengele. Kila asubuhi mama na mwana walisimama, mkono kifuani, wakasema kiapo cha bendera kama wafanyavyo shuleni, wawili peke yao, mashine ya kufulia ikiwapigia ngoma. Tess alipotaka kusema neno, ilibidi anyooshe mkono asubiri kuitwa.

Mwanzoni mwa Novemba kengele ililia, na Tess akatapika kwenye ngazi.

Lyle alikuwapo, akaona. "Umeona, Mama Tess? Ni yaleyale. Kama ni kutapika, bora akatapike shule." Tess alisikia. Akajifungia chooni, akakataa kutoka.

Siku hiyohiyo akapita Rosalie Hruska, jirani wa ng'ambo ya barabara. Yeye alisomesha watoto sita nyumbani. Mmoja leo ni muuguzi, mwingine ana mdomo kama mama yake. Alikuja kurudisha sufuria. Alipoona Janelle anadeki ngazi, akashuka naye mpaka chini, akalitazama lile dawati.

"Janelle, humu mna wanafunzi wangapi?"

"Mmoja tu, Mama Rosalie."

"Na ananyoosha mkono ili umjue ni yupi?"

Janelle alitaka kucheka, akalia. "Nilitaka iwe shule ya kweli."

"Mwanangu, mtoto umemtoa shule, halafu ukaiita shule imfuate nyumbani. Nayo imekuja na kengele yake."

"Sasa nifanye nini? Lyle ataka kumrudisha."

"Kwanza funga vitabu kwa muda. Mtoto aliyechoshwa na shule apumzike. Msomee hadithi, pika naye, mtazame anapenda nini na anaelewa vipi. Kisha mpime. Wachapishaji wengi wana majaribio ya bure, yanakuonyesha aanzie kitabu kipi. Somo kwa somo."

"Lakini yeye ni wa darasa la nne."

"Nani kasema? Viatu unamnunulia kwa kumpima mguu au kwa kutazama cheti cha kuzaliwa?"

Janelle akamsikiliza. Akaketi nje ya mlango wa choo na kitabu cha hadithi, akasoma mpaka Tess akafungua. Wakapumzika wiki mbili, kisha akampima. Kusoma, Tess alikuwa na uwezo wa darasa la saba. Hesabu, darasa la pili. Rosalie alipopita kuona majibu, Janelle akaigeuza karatasi kifudifudi mezani.

"Darasa la pili! Watu wakijua je?"

"Watu gani?" akauliza Rosalie. "Kuku wako?"

Wakaenda na Tess kanisani, ambako wazazi wanaosomesha nyumbani huuziana vitabu vilivyotumika. Janelle akachukua kitabu kinene cha hesabu, chenye picha za rangi. Rosalie akamshika mkono. "Usinunue jalada. Mpe mwenyewe afungue katikati, ajaribu ukurasa."

Tess akajaribu. "Hiki kina kelele," akasema. Akachagua chembamba, kisicho na rangi, kilichokuja na vijiti vya kuhesabia.

"Hiki? Kibaya hivi?" Janelle akanung'unika.

"Kwani atakivaa?" Rosalie akamjibu.

Vitabu vya historia waliazima maktaba. Dawati likapata kazi ya kubeba nguo chafu. Masomo yakahamia jikoni, yakaanza baada ya uji na kwisha kabla ya chakula cha mchana, maana mtoto mmoja hahitaji siku nzima. Kila Alhamisi Tess alicheza na watoto wengine wanaosomea nyumbani. Siku mbaya hazikukosekana. Alitupa penseli, mama yake akafunga kitabu, wakatoka kwenda kuokota mayai. Lakini kutapika kukaisha.

Krismasi ilipokaribia, Lyle alirudi asubuhi moja na njaa yake, theluji mabegani. Alimkuta Tess ametandaza vijiti meza nzima. Lyle akavuta kiti.

"Baba, usikae hapo, utavichanganya vijiti! Nilikosea hesabu, sasa naipata."

Akafuta, akapanga upya, akakosea tena. Hakuna aliyecheka. Akapanga tena, akaandika jibu, akaanza swali linalofuata bila kuinua macho.

Lyle alikuwa anakula amesimama, sahani mkononi. Janelle akamsogelea. "Vipi, Lyle? Januari nimfungie begi la shule?"

"Shh, Mama Tess," akasema Lyle. "Huoni mtoto yuko darasani?"